Tarehe ilipita siku 11: kisa cha wakili kijana, barua ambayo haikutumwa, na faili la mama mmoja

Kwanza kuhusu kisa chenyewe

Mimi ni wakili, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa mmoja wa wanaopokea simu za mawakili wenzetu waliokwama kwenye jambo la maadili. Simu ni za siri, mtu anapiga anasema nimefanya hivi au nataka kufanya hivi, tunakaa tunafikiria pamoja. Nyingi ni mambo ya kila siku, mgongano wa maslahi, ada, mteja hajalipa na anataka faili lake. Hii moja haijanitoka kichwani. Wakili mwenyewe ameniruhusu niiandike ili wenzake wajifunze, na mteja naye aliulizwa kupitia wakili wake mpya akakubali, kwa hiyo nimeondoa majina, nchi, aina ya kiwanda na tarehe zote za kalenda. Idadi ya siku nimeziacha kama zilivyokuwa maana hapa siku ndo kila kitu.

Watu ni watatu. Kijana, wakili mwenye miaka 2 tu tangu aapishwe. Bosi wake, mwenye ofisi. Na mteja, mama wa makamo aliyeumia mkono kwenye mashine kazini, nitamwita Mama kwa sababu hata wao ofisini walimwita hivyo hivyo.

Faili lilivyofika mezani kwake

Faili halikuwa lake. Lilikuwa la wakili mwingine aliyeacha kazi hapo ofisini, akaondoka Ijumaa na Jumatatu mafaili yake 60 na kitu yakagawanywa kwa waliobaki. Kijana akapata 23 juu ya mengine aliyokuwa nayo. Makabidhiano yalikuwa nini? Karatasi moja ya orodha, namba ya faili, jina la mteja, na safu iliyoandikwa "hatua inayofuata". Kwenye faili la Mama safu hiyo ilisema "kuandaa hati ya madai". Basi.

Ndani ya jalada, upande wa kushoto, kulikuwa na kikaratasi cha njano cha kubandika, kimeandikwa kwa penseli neno MWISHO na tarehe. Tarehe hiyo hiyo ndo ilikuwa kwenye kalenda ya ofisi. Hakuna mahali palipoandikwa imehesabiwa kutoka wapi.

Kwa asiye wakili: sheria inampa mtu muda maalumu wa kufungua madai, ukipita dai lako linaweza kufa hata kama haki ni yako kabisa na ushahidi unao. Tunaita ukomo. Kwa wakili wa madai hakuna tarehe inayouma kama hiyo, kwa sababu makosa mengine mengi yanarekebishika, unabadilisha hati, unaomba radhi mahakamani, unalipa gharama, ila ukomo mara nyingi haurudishwi.

Yule wakili wa kwanza alihesabu muda kuanzia tarehe ya ripoti ya daktari ya ulemavu. Ripoti ilitoka wiki 5 baada ya ajali. Sheria ya kwao inahesabu kuanzia siku ya ajali.

Alhamisi jioni

Alhamisi saa kumi na moja jioni kijana alikaa kuandika hati ya madai. Kwenye kalenda alikuwa bado ana siku 24, kwa hiyo hakuwa na presha yoyote. Alifika aya ya pili tu, ile ya kusema mdai aliumia tarehe fulani, akafungua fomu ya ajali ambayo mwajiri aliijaza, ina mhuri wa bluu umekolea upande mmoja, akasoma tarehe. Akasoma tena. Akahesabu kwa vidole, halafu akahesabu kwenye simu. Muda ulikuwa umeisha siku 11 nyuma.

Aliniambia baadaye kwamba kitu cha kwanza alichofanya ni kufunga mlango wa chumba chake, ingawa ofisini hakukuwa na mtu.

Saa tatu na dakika kumi na mbili usiku akafungua ukurasa mpya kwenye kompyuta akaanza kuandika barua kwa Mama, akaiwekea tarehe ya miezi mitatu nyuma. Barua inasema tunakukumbusha ulete vile vyeti vya matibabu tulivyokuomba, ukichelewa muda wa kufungua madai utakwisha na ofisi haitahusika. Mama hakuwahi kuombwa vyeti vyovyote, alikuwa ameshaleta kila kitu tangu siku ya kwanza, kwenye mfuko wa plastiki, mpaka picha za eksirei. Saa tatu na dakika arobaini akaacha. Hakuichapisha. Akaihifadhi, sijui kwa nini na yeye hajui kwa nini, akaenda nyumbani hakulala.

Niseme hapa wazi, huyu si mtu mbaya. Kila mwaka nawasikia wawili watatu walioko kwenye hiyo nusu saa, na wengi wao ndo wale makini, wale ambao hawajawahi kufeli kitu, hawajui kabisa kukosea kunafanana vipi.

Simu ya Ijumaa asubuhi

Alinipigia saa mbili na nusu, bosi hajafika. Sentensi yake ya kwanza ilikuwa ni swali la usiri, eti kama akinieleza habari za mteja anavunja siri ya mteja. Swali zuri sana na jibu lake watu wengi hawalijui: kanuni nyingi za mawakili zinaruhusu wakili kueleza kinachohitajika ili apate ushauri wa namna ya kufuata maadili, kanuni za mfano za chama cha mawakili Marekani zinalisema kabisa kwenye kanuni ya 1.6. Jina la mteja silihitaji, kwa hiyo hakunipa.

Nilimuuliza vitu vitatu. Mama anajua? Hapana. Umewasilisha chochote mahakamani? Hapana. Kuna karatasi yoyote uliyotengeneza au kubadilisha tangu jana? Hapo akanyamaza, nikasikia anapumua, halafu akaniambia habari ya barua.

Nikamwambia tusiiguse. Isifutwe, isihaririwe, isihamishwe. Kwa nini? Kwanza, dai dhidi ya ofisi sasa linatarajiwa kabisa, na kufuta kitu kwenye mazingira hayo ni kuharibu ushahidi, hilo ni kosa jipya tena zito kuliko la kwanza. Pili, barua ambayo haikutumwa ni fikra ya usiku mmoja, ila barua iliyofutwa inakuwa siri, na siri ina mwisho wake.

Nikamsomea pia kesi moja ya Mahakama Kuu ya Uingereza na Wales ya mwaka 2018, wakili kijana aliyechelewesha kazi za mteja akaandika barua na kuzirudisha tarehe nyuma. Baraza la nidhamu lilimhurumia, presha ya kazini ilikuwa kubwa kweli na afya yake ya akili ilikuwa imeyumba, likampa adhabu ya kusimamishwa ambayo nayo iliahirishwa. Mahakama Kuu ikasema hapana, akafutwa kwenye orodha ya mawakili. Msingi wake ni wa zamani, kesi ya Bolton ya 1994: adhabu za mawakili kimsingi ni za kulinda imani ya watu kwa taaluma, na wakili akithibitika si mwaminifu karibu kila mara atafutwa hata awe na maelezo mazuri kiasi gani. Kuchelewesha peke yake kusingemfikisha huko.

Mwisho nikamwambia akamweleze bosi asubuhi hiyo hiyo, kwa mdomo kwanza, halafu aandike maelezo ya faili yenye saa na dakika: nimegundua nini, lini, kutoka hati gani. Bila kujitetea na bila kujilaani.

Bosi, na njia tatu za mkato

Bosi hakufoka, hilo nampa. Ila alitoa mawazo matatu mfululizo, na yote matatu nimeshayasikia kwa mabosi wengine kwa hiyo nayachambua moja moja.

Wazo la kwanza, tufungue tu kesi leo, pengine upande wa pili hawatashtuka. Hili linategemea uko wapi. Tanzania kwa mfano, Sheria ya Ukomo inaitaka mahakama itupe shauri lililochelewa hata kama mdaiwa hajaibua hoja hiyo. Uingereza ni mdaiwa ndo anatakiwa aibue, na kwenye majeraha ya mwili muda wa kawaida ni miaka 3 lakini kifungu cha 33 cha sheria yao ya 1980 kinampa jaji nafasi ya kuuweka muda kando akiona ni haki. Kwahiyo kuna sehemu kufungua haraka kunaweza kuwa na maana na kuna sehemu kunaua kabisa nafasi iliyobaki, kwa sababu mpangilio sahihi ni kuomba kwanza kuongezewa muda, ukijitosa bila kuomba shauri linatupwa na unakuwa umemfungia mteja mlango wa mwisho. Ila hata pale panaporuhusu, huwezi kucheza hiyo kamari kwa hela ya mtu mwingine bila yeye kujua. Uamuzi ni wake.

Wazo la pili, tumwite Mama tuongee naye vizuri, tumpe kitu kidogo, asaini kwamba hana madai na ofisi. Hili bosi alilisema kwa nia njema kabisa, aliona anamsaidia. Ila fikiria, mtu ambaye hajui dai lake lina thamani gani, anasainishwa na yule yule aliyeliharibu, na huyo ndo mtu anayemtegemea amwambie karatasi inasema nini. Kanuni ya 1.8 ya hizo kanuni za mfano za Marekani inakataza wakili kumaliza madai ya uzembe wake na mteja asiye na wakili mwingine, mpaka amshauri kwa maandishi atafute wakili huru na ampe muda wa kutosha wa kufanya hivyo. Nchi nyingine nyingi zina kanuni inayofanana, na hata kama kwenu haijaandikwa, dhamiri inaielewa.

Wazo la tatu, ile barua ifutwe. Kijana akamwambia nimeshauriwa isiguswe. Naambiwa hapo palikuwa kimya muda mrefu. Kwa kijana wa miaka 2 kazini kumjibu hivyo mwenye ofisi, mimi naona huo ndo ulikuwa uamuzi mkubwa kuliko yote kwenye kisa hiki, tena aliufanya amesimama, hakukaribishwa kiti.

Saa sita mchana bosi mwenyewe akanipigia.

Bima, na ile fomu juu ya meza

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu mawakili wengi wanalipa bima ya dhima ya kitaaluma, yaani ile inayolipa mteja akidhurika kwa kosa la wakili, kila mwaka bila kuisoma.

Bima hizi kwa kawaida zinaangalia dai limetolewa au limeripotiwa lini, mwaka kosa lilipotokea hauna uzito huo. Yaani ukikosea leo na ukadaiwa miaka mitatu baadaye, inayolipa ni bima unayokuwa nayo siku hiyo ya baadaye, na ukijua jambo linaloweza kuzaa dai unatakiwa uripoti hapo hapo, usisubiri barua ya madai. Ukiripoti ndani ya kipindi, jambo linabaki limefungwa kwenye bima ya kipindi hicho. Ukinyamaza mpaka uhuishe bima mpya, bima mpya itasema ulijua kabla, na ya zamani itasema imeshaisha. Unabaki katikati, wewe na mteja wako.

Bima ya ofisi hii ilikuwa inaisha baada ya siku 9. Fomu ya kuhuisha ilikuwa juu ya meza ya bosi, imejazwa tayari na kusainiwa tangu Jumatano, na kwenye lile swali la kama kuna jambo lolote unalolijua linaloweza kuleta dai, kulikuwa na vema kwenye kisanduku cha "Hapana". Jumatano lilikuwa jibu la kweli. Ijumaa lilishakuwa uongo. Bosi alinisomea swali lile kwenye simu taratibu, akarudia neno "lolote".

Nakiri kwamba asubuhi wakati naongea na kijana sikumuuliza habari za bima, nilikuwa nimezama kwenye ile barua. Bosi asingepiga simu tungeweza kupitiwa na fomu ingeondoka. Tangu siku hiyo bima ni swali langu la kwanza.

Jumatatu taarifa ikaenda kwa kampuni ya bima pamoja na maelezo ya faili. Halafu likaja jambo ambalo linawachanganya watu: bima nyingi zinasema usikiri dhima bila idhini yao. Bosi akaona basi hatuwezi kumwambia Mama kitu. Si kweli. Kusema ukweli wa kilichotokea ni kitu kimoja, kukiri kwamba kisheria unawajibika kumlipa ni kitu kingine. Unaweza kusema tarehe ilikuwa hii, hatukufungua, imepita, inaweza kukuathiri hivi, una haki ya kupata wakili mwingine akushauri kama una dai dhidi yetu. Usiseme tutakulipa, wala usiseme hatuna kosa. Jumanne kampuni ya bima ikarudisha maandishi ya barua na marekebisho ya maneno mawili tu.

Na wajibu wa kumwambia si suala la roho nzuri. Maoni rasmi namba 481 ya kamati ya maadili ya chama cha mawakili Marekani, Aprili 2018, yanasema mteja wa sasa lazima aambiwe kosa lenye uzito, na kosa lina uzito kama wakili asiye na maslahi angeliona lina uwezekano wa kweli wa kumdhuru mteja, au kama ni la aina ambayo ingemfanya mteja afikirie kuachana na wewe hata kama halijamdhuru. Napenda sana hicho kipimo cha pili, kinamtazama mteja kama mtu mzima mwenye haki ya kuchagua nani amshughulikie.

Jumatano, Mama anaambiwa

Siku 6 baada ya kugundua, 17 baada ya muda kupita. Mama alikuja na mwanae wa kiume. Bosi alianza yeye kuongea, na hapa aliharibu, dakika kumi nzima anaeleza mafaili yalivyokuwa mengi, wakili alivyoacha kazi ghafla, changamoto za ofisi, Mama anaitikia "ehe, ehe" akidhani anaandaliwa kuambiwa ada imepanda. Kijana ndo akamkatiza.

"Mama, samahani. Muda wa kufungua kesi yako umepita. Ulipita wakati faili liko kwetu, wewe hukukosea kitu."

Mama akauliza, "Kwa hiyo mwanangu, kesi yangu imekufa?"

"Inawezekana imekufa, inawezekana bado. Sisi hatufai kukujibu hilo, kwa sababu sasa na sisi tuna upande wetu. Utafute wakili mwingine leo au kesho, siku ni chache."

Mwanae alikasirika, akasema maneno makali, na wakamwacha aseme. Mama hakusema mengi. Aliomba karatasi zake. Faili lote lilikuwa limeshatolewa kopi tangu jana yake, akapewa faili halisi na barua, ofisi ikabaki na kopi, hakuna ada iliyodaiwa wala faili lililozuiwa. Alisaini kupokea kwa mkono wa kushoto.

Kwa nini ofisi yenyewe isingemwombea muda wa ziada, tena bure? Kwa sababu swali la jaji lingekuwa kwa nini mmechelewa, na jibu ni sisi. Wakili angekuwa shahidi na mtetezi kwa wakati mmoja, na angekuwa na kishawishi cha kupunguza ukubwa wa uzembe wake kwenye kiapo wakati maslahi ya Mama yanataka uzembe huo usemwe wote. Maombi yakapelekwa na wakili mpya wa Mama, kijana na bosi wakaapa viapo vyao, wakasema kila kitu, mpaka kikaratasi cha njano kikaambatishwa.

Matokeo

Mahakama ilikataa kuongeza muda. Jaji alisema uzembe wa wakili peke yake hautoshi, na maelezo ya hospitali yalionyesha Mama alikuwa amesharuhusiwa muda mrefu kabla. Mimi iliniuma, nilitegemea ingepita.

Ikabaki dai dhidi ya ofisi. Hapa kuna kanuni ya muda mrefu, kesi ya Kitchen ya mwaka 1958 Uingereza ndo hutajwa sana: mteja aliyepotezewa kesi kwa uzembe wa wakili analipwa kwa thamani ya nafasi aliyopoteza, mahakama haihitaji kuendesha kesi nzima upya kuona kama angeshinda. Nafasi hiyo inapimwa kwa kilichomo kwenye faili. Faili la Mama lilikuwa safi, fomu ya ajali, ripoti, eksirei, majina ya mashahidi wawili, na hakuna karatasi iliyochezewa. Kampuni ya bima ilianza kwa kutaja theluthi moja ya makadirio ya wakili wake mpya, wakabishana miezi, wakaishia kwenye asilimia 70 hivi. Ilichukua miezi 14 tangu ile Jumatano. Ni hela ya kweli ila si kesi aliyoitaka, alitaka mwajiri asimame mahakamani aulizwe kwa nini mashine haikuwa na kinga, na hilo halikutokea wala halitatokea.

Ofisi ilijiripoti yenyewe kwa chombo cha nidhamu. Kijana alikwenda na wakili wake, ambayo ni haki inayotambuliwa hata kwenye Misingi ya Umoja wa Mataifa kuhusu wajibu wa mawakili, Havana 1990, kwamba wakili anayeshtakiwa kinidhamu asikilizwe kwa haki na achague wa kumsaidia. Habari ya barua aliitoa mwenyewe, hakuna aliyekuwa anaijua zaidi ya mimi na bosi. Kompyuta ilionyesha imetengenezwa 3:12 usiku, ikaguswa mara ya mwisho 3:40, haikuchapishwa, haikutumwa. Akapata karipio la maandishi na miezi 12 ya kufanya kazi chini ya usimamizi. Bosi alitozwa faini na mafaili yake yakawekwa chini ya ukaguzi miaka 2.

Nadhani bosi alipata nafuu kuliko alivyostahili. Mafaili 60 yakigawiwa kwa karatasi moja, na hakuna aliyetengewa hata saa moja ya kuyafungua, huo ni uamuzi wa menejimenti na mwenye kuufanya alikuwa yeye.

Uchambuzi

Kilichowaokoa ni spidi. Siku ya kugundua ni Alhamisi, na kufikia Ijumaa mchana watu watatu walikuwa wanajua, mmoja wao hana maslahi yoyote. Wakili akikaa na kosa peke yake kwa wiki mbili, akili inaanza kumjengea hoja, nawasikia kabisa kwenye simu wameshajijengea, "kitaalamu sikudanganya", "mteja mwenyewe hakuwa anafuatilia". Kuna mtu atauliza kama siku 6 za kumwambia Mama hazikuwa nyingi. Kwangu mimi ndo mwisho wa kuvumilika. Siku mbili za kusubiri bima nazielewa. Zingekuwa wiki mbili, ningeanza kuita kuficha, hasa pale ambapo kila siku inayopita inamdhoofisha mteja kwenye maombi ya kuongezewa muda.

Kilichoharibika kikubwa ni ile tarehe. Tarehe ya ukomo isiyosema imetoka kwenye hati gani ni kama haipo, maana anayeirithi hawezi kuikagua bila kuanza upya, na hakuna anayeanza upya akiwa na mafaili 23. Ofisi hiyo sasa wanaandika tarehe tatu kwenye ukurasa wa kwanza wa kila faili: tukio lilikuwa lini na kwa mujibu wa karatasi ipi, sheria inaishia lini, na tarehe ya ofisi ambayo ni siku 60 kabla ya ile ya sheria. Anahesabu mmoja, anahakiki mwingine akiwa ameshika hati yenyewe, wote wanasaini kwa wino. Faili likihama mkono, linahesabiwa tena. Hakuna programu mpya iliyonunuliwa, kalenda ni ile ile. Kalenda haikuwa na tatizo, ilikumbusha vizuri kabisa tarehe mbaya iliyopewa.

Ila kuna kitu kingine ambacho kilikuja kuonekana baadaye sana, wakati wakili mpya wa Mama anaomba kumbukumbu zote, na ndo kinachonisumbua mpaka leo. Mapokezi kulikuwa na daftari la simu, lile kubwa lenye jalada jeusi, sekretari anaandika saa, jina na ujumbe. Mama alipiga mara nne. Ya kwanza wiki tatu kabla muda haujaisha, akaambiwa wakili yupo kwenye mkutano. Ya pili wiki moja baadaye, wakili yuko mahakamani. Ya nne ilikuwa siku 5 baada ya muda kupita.

Ya tatu ilikuwa siku 4 kabla. Siku 4 zinatosha kabisa kuandika hati ya madai ya kurasa sita na kuipeleka masijala, nimewahi kuona ikifanyika kwa mchana mmoja. Mwandiko ni wa sekretari, umesomeka vizuri: "Mama wa kesi ya mkono. Anaulizia tarehe. Apigiwe." Pembeni kuna nafasi ya kuweka vema ujumbe ukishafika kwa wakili, na vema ipo. Kijana aliupokea ule ujumbe, aliangalia kalenda, akaona bado siku 39, akauweka chini ya mingine.